Darasa la Nane na Sanduku la Kura

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za somo ambalo jina lake limebadilika mara kadhaa katika shule zetu, wala bado hatujalifundisha vema. Ni somo la namna mtu wa kawaida, asiye waziri wala diwani, anavyoshiriki katika utawala wa nchi yake. Sisi tu walimu wa chuo cha ualimu. Kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaowafundisha watoto wenu. Kwa hiyo lawama yoyote tutakayoitaja hapa yatuangukia sisi kwanza.

Siku moja tuliwauliza wanachuo wetu, vijana wapatao arobaini, wataje kazi za Bunge. Mikono yote ikainuka. Wakataja kutunga sheria, kuidhinisha matumizi ya fedha za Serikali, kuwahoji mawaziri. Wakayataja kwa mpango kama watu wasomao ubaoni. Kisha tukauliza: Ni nani kati yenu aliyepata kuhudhuria Mkutano Mkuu wa kijiji chake, akasikia hesabu ya mapato na matumizi ikisomwa? Wakatazamana. Mikono mitatu tu ikainuka, na mmoja wa hao watatu akaeleza kwamba yeye alikwenda kumwita baba yake, kwa kuwa nyumbani amefika mgeni. Wenzake wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini jioni ile, tulipokuwa tukisahihisha madaftari, hatukuwa na furaha. Madaftari yalikuwa na majibu sahihi.

Basi tukafungua vitabu vya historia ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, tukitafuta jibu la swali moja: Watu wa nchi hii walijifunza wapi kushiriki katika serikali? Je, walijifunza shuleni?

Mambo ya zamani sana tutayapitia upesi, maana wasimulizi huyapamba mno. Kesi zilisikilizwa hadharani kwa mtemi Unyamwezini, kwa mangi Uchagani na kwa majumbe wa pwani, na kijana aliyekaa pembeni akichonga mpini wa jembe aliweza kusikia jinsi mzee anavyolipima neno kabla ya kulitoa. Hiyo ilikuwa shule njema. Walakini si kila mtu aliyekuwa na nafasi barazani. Wanawake mara nyingi walikaa nje ya mazungumzo, na mtumwa hakuulizwa neno. Atakayewaambia kwamba zamani zile kila mtu alisema na kila mtu alisikilizwa, msimwamini.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walitawala kwa maakida na majumbe, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya Serikali Tanga. Waliosoma humo walitoka wakijua kusoma, kuandika na hesabu, wakawa makarani, walimu na maakida. Lakini tazameni kusudi la shule ile: ilitafuta watu wa kuishusha amri kutoka juu mpaka chini. Neno la kupanda kutoka chini kwenda juu halikuwa na karani wake.

Walipokuja Waingereza, Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta mpango wa kutawala kwa mikono ya machifu, na sheria ya Serikali za Wenyeji ikatoka mwaka 1926. Mwaka uo huo likaanzishwa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wake wote waliteuliwa, na miongoni mwao hapakuwako Mwafrika hata mmoja. Maneno yake yote yalisemwa kwa Kiingereza. Shule ya Tabora ilifunguliwa katika miaka hiyo hasa kwa ajili ya wana wa machifu, ili wajifunze utawala kabla ya kuurithi. Na kule Malangali, katika nyanda za juu za Iringa, palikuwa na shule ya Serikali ambayo mwalimu wake mkuu, Bwana W. B. Mumford, mwishoni mwa miaka ya 1920 aliwaita wazee waje kufundisha mila, ngoma na kurusha mkuki, pamoja na masomo ya kitabu.

Twakiri kwamba habari ya Malangali yatupendeza kwa upande mmoja. Si shule nyingi zilizompa mzee asiyejua kusoma heshima ya kuitwa mwalimu, wala hata leo si nyingi. Lakini kijana aliyefundishwa kurusha mkuki wa babu yake hakufundishwa kuuliza kodi ya baba yake imekwenda wapi. Na mwana wa chifu aliyefundishwa Tabora kutawala hakufundishwa namna ya kuwajibu wale atakaowatawala.

Maswali ya namna hiyo yaliulizwa nje ya shule, na mara nyingi yaliulizwa na watu waliokwisha kuacha shule. Mwaka 1922 watumishi Waafrika wa Serikali walianzisha chama chao mjini Tanga. Aliyewaongoza ni Martin Kayamba, karani aliyekuwa amesoma Kiungani, Unguja. Mwaka 1929 kikaanzishwa Dar es Salaam chama cha African Association. Mwaka 1931 Kamati ya Bunge la Uingereza ilipokuwa ikifikiri kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, Waafrika watatu wa Tanganyika walisafiri mpaka London kutoa maoni yao: Kayamba huyo, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Chifu Makwaia wa Usukuma. Kayamba aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, ili wale wasioweza kwenda wapate habari. Angeweza kunyamaza, akabaki na sifa ya safari peke yake.

Waafrika wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, yaani miaka 19 baada ya baraza lile kuanza. Walikuwa Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia, mwana wa yule Makwaia aliyekwenda London. Wote wawili walikuwa machifu, na wote wawili waliteuliwa na Gavana. Watu waliosemewa nao hawakuulizwa.

Sasa tuondoke barazani twende kwenye mizani, maana hapo ndipo tulipoona jambo tulilokuwa tukilitafuta.

Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko ya miaka mingi. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akachambua, akabeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi; na mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyetamka uzito. Asiyejua kusoma angefanyaje? Aliambiwa ratili kadhaa, akapokea fedha zake, akarudi nyumbani akinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kushika njia nyingine. Waliweka mizani yao wenyewe, wakawasimamisha hapo vijana waliosoma, ili pamba ipimwe kwanza na mkulima ajue uzito wa mali yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Ni jambo dogo sana. Halikuwa na bendera wala wimbo. Lakini fikirini kijana yule amesimama juani, amesoma hesabu shuleni pengine kwa kuogopa fimbo, na leo jirani zake wamemzunguka wakingoja atamke namba, na namba ile ni ada ya shule ya mtoto au bati la paa.

Katika juhudi hizo vilikua vyama vya ushirika, na mtu aliyejulikana sana kwa kuviongoza ni Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa na muungano wao mkubwa wa Victoria. Uchagani wakulima wa kahawa walikuwa wametangulia. Chama chao cha kwanza kilianza mwaka 1925, na muungano wa ushirika uitwao KNCU mwaka 1933. Sisi twasema kwamba chama cha ushirika kilikuwa shule ya uraia kuliko shule yenyewe. Mwanachama alijifunza kwamba mkutano una ajenda. Kwamba mweka hazina husoma hesabu mbele ya wenye fedha. Kwamba mtu asiyeridhika husimama, hutaja jina lake, huuliza, na hungoja jibu. Na kwamba mwenyekiti aliyechaguliwa mwaka huu aweza kuachwa mwaka ujao bila ya mtu kupigwa. Mambo haya hayaingii kichwani kwa kuyanakili. Pia tusizipake rangi habari hizi: vyama vingine viliibiwa na viongozi wao wenyewe, na wanachama wakajifunza hilo nalo.

Kulikuwa na shule nyingine ambayo sisi walimu wa vitabu hatukuihesabu hata kidogo. Mwaka 1955 chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na African Association, kilikuwa na wanaume wengi waliosoma na wanawake wachache mno. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, ambaye alisoma miaka michache tu na ambaye alijulikana kwa kuimba ngoma, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake. Hakwenda shuleni kuwatafuta. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, maana huko wanawake walikuwa wamekwisha kuzoea kuchagua viongozi, kuchanga fedha na kuitana kwa siku moja. Kwa muda wa miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Wengi wao hawakuwa na cheti cha darasa lolote.

Likumbukeni jambo hilo la cheti, kwa sababu sasa twafika mwaka 1958.

Serikali ilitangaza kwamba kutakuwako uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mtu wa kupiga kura alipaswa awe na umri wa miaka 21, na tena awe na moja katika mambo matatu: awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, ambazo zilikuwa shilingi 3,000, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa, kama uchifu. Juu ya hayo palikuwa na sharti lililowauma watu zaidi. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na kila mpiga kura alilazimika kuvipigia vyote vitatu. Aliyempigia Mwafrika tu, karatasi yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Ndiyo maana wazee huuita uchaguzi ule uchaguzi wa kura tatu.

Fikirini nyumba moja ya wakati ule. Baba ni mkulima. Amehudhuria mikutano tangu mwaka 1954, na mara mbili amelala njiani akienda kumsikiliza msemaji. Mama ana kadi yake, ameifunga katika pindo la kanga. Bibi ya nyumba, mama yake baba, ndiye ambaye majirani humwendea wakigombana. Na yuko kijana mmoja aliyemaliza darasa la nane, ambaye siku za mikutano hupenda kulala. Siku ya kura ikifika, ni nani atakayekwenda? Ni kijana peke yake. Wale watatu watamtayarishia chai, watampigia pasi shati lake, na watakaa barazani wakingoja arudi awaambie kisanduku kilikuwaje.

Kijana huyo tumemtunga sisi, lakini sharti lile hatukulitunga.

TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 kulijadili jambo hili. Walikuwako waliosema: Tuususie uchaguzi huu, maana kuingia ni kukubali kwamba Mwafrika, ambaye wenzake ni mamilioni, ana uzito sawa na watu wachache, na ni kukubali kwamba mama zetu si watu wa kupiga kura. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na waliokuwa nayo walikuwa wengi. Julius Nyerere alishika upande wa pili. Alikuwa ameacha ualimu Pugu mwezi wa Machi 1955, kwa kuwa ilimbidi achague kati ya darasa na siasa, na hakuwa na mshahara wa kurudia. Yeye alisema waingie, wasimamishe watu wao, na kwa viti vya Waasia na Wazungu wawaunge mkono wale wanaokubali kusudi la chama. Kama wangekaa nje, viti vyote vingekaliwa na wapinzani wao, na hao ndio ambao wangeandika sheria ya uchaguzi utakaofuata. Mkutano ukakubali. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka, akaanzisha chama chake cha African National Congress.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Katika vitabu vyetu vya shule habari hii huandikwa kwa mistari mitatu au minne, na mwanafunzi huulizwa: Uamuzi wa Busara ulifanyika wapi na mwaka gani? Akijibu Tabora, 1958, hupata vema. Hatumwulizi yeye angesimama upande gani, na kwa nini. Twafundisha kana kwamba walioshindwa hawakuwa na hoja. Tulipojaribu jambo hilo chuoni, tukaligawa darasa pande mbili na kuwapa jioni nzima ya kubishana, upande wa kususia ulishinda, jambo ambalo hatukulitazamia. Binti mmoja alisimama akasema: Kama mimi na mama yangu tungekuwako, mimi ningepiga kura na yeye asingepiga, nami nisingeweza kumtazama usoni. Kijana mmoja akamjibu: Na usipopiga, wewe na mama yako mtakuwa sawa, nyote hamna kitu. Wakaendelea hivyo mpaka kengele ya chakula ikalia, na watu hawakuinuka.

Uchaguzi ulifanyika kwa zamu mbili, mwezi wa Septemba 1958 na mwezi wa Februari 1959. Waliojiandikisha walikuwa kama 59,000 tu, katika nchi yenye watu karibu milioni 9. Nyerere mwenyewe alipingwa na Patrick Kunambi wa Uluguru katika Jimbo la Mashariki, akamshinda. Watu wa TANU na wale waliowaunga mkono wakashinda katika majimbo yote.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 sharti la darasa la nane liliondolewa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza alitosha, na kiwango cha mapato kilipunguzwa mpaka pauni 75. Waliojiandikisha wakafika kama 885,000. Kati ya viti 71 TANU ilipata 70, na kile kimoja kilichukuliwa na Herman Sarwatt wa Mbulu, aliyesimama peke yake. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Na mwaka 1962, Tanganyika ilipochagua Rais, kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, awe amesoma au hakusoma. Aliyempinga Nyerere siku hiyo ni Zuberi Mtemvu yule yule. Alipata kura 21,276, na Nyerere akapata zaidi ya milioni moja. Mama wa kadi katika pindo la kanga alikuwa amesubiri miaka minne.

Mwaka 1965, baada ya Muungano na Zanzibar na baada ya nchi kuwa ya chama kimoja, wapiga kura walipewa wagombea wawili wa chama hicho hicho katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wengi walidhani mawaziri watapita tu. Lakini Paul Bomani, Waziri wa Fedha, kiongozi yule wa ushirika wa pamba, alishindwa na watu wake mwenyewe huko Mwanza. Hatusemi kwamba alistahili kushindwa. Twasema kwamba wale watu walikuwa wamejifunza kupima.

Je, shule zilikuwa wapi wakati huu? Hapa pana habari ngumu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wengine wa vyuo, waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara. Walibeba mabango, na moja lilisema kwamba afadhali ukoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wote warudi makwao. Walikuwa zaidi ya 300. Siku hiyo hiyo alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa baadaye.

Sisi walimu hatupatani kuhusu siku ile, na hatuoni haya kusema hivyo. Wako kati yetu wasemao kwamba vijana wale walikula jasho la wakulima, wakakataa kulirudisha, tena wakalitukana taifa kwa bango lile. Wako wasemao kwamba walifanya lile ambalo somo la uraia hudai lifanywe: walikwenda wazi, mchana, mikono mitupu, wakasema neno lao mbele ya mkubwa, na jibu walilopata liliwafundisha walionyamaza kuzidi kunyamaza. Tukilazimishwa kuchagua, twasema kwamba bango lilikuwa baya na adhabu ilikuwa kubwa mno.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi waukumbuka kwa ajili ya mashamba ya shule, na waliosoma zamani zile hukumbuka zaidi majembe na malengelenge. Lakini waraka ule ulidai pia kwamba shule iwe jumuiya, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yake: walime nini, na mapato yatumiwe vipi. Sehemu ya jembe ilifuatwa karibu kila mahali. Sehemu ya kuamua ilifuatwa mahali pachache. Kulima ni rahisi kukagua. Mkaguzi huja akaona matuta. Kuamua hakuna matuta, na mwalimu mkuu aliyechoka hapendi kuulizwa na mtoto fedha za mahindi ziko wapi.

Somo lenyewe likaitwa Siasa, nalo likafundisha mambo ya chama kimoja. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, jina la Siasa likaondoka na Uraia ukaingia; baadaye katika shule za msingi likaitwa Uraia na Maadili. Majina yote ni mazuri.

Imetupasa sasa kueleza jambo letu wenyewe, ambalo hatukulisema kwa miaka mingi. Tulipokuwa walimu wapya katika shule moja, tulikabidhiwa kusimamia uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Tulifanya kwa bidii. Tuliandaa karatasi, tukatengeneza kisanduku kwa boksi la chaki, wagombea wakatoa hotuba zao mstarini, na watoto wakapiga kura kwa siri darasa kwa darasa. Aliyeshinda alikuwa kijana mwembamba, mwenye maswali mengi. Hotuba yake ilikuwa juu ya maharage yenye wadudu. Tukapeleka hesabu ofisini. Kesho yake mstarini likasomwa jina la mwingine, kijana mtulivu, mwenye adabu, ambaye alikuwa wa tatu. Tuliambiwa kwa upole kwamba yule wa kwanza angeleta matatizo. Nasi tulinyamaza. Tulikuwa wapya, na barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa haijafika.

Watoto hawakupiga kelele. Walitazama mbele. Yule aliyeshinda alitutazama sisi, si kwa hasira. Alitazama kama mtu anayehakikisha namba aliyoisoma kwenye mizani. Wiki ile ile tulikuwa na kipindi cha Uraia katika darasa lake, na mada ilikuwa uchaguzi huru na wa haki. Tulifundisha. Waliandika.

Siku hizi, katika chuo chetu, kura za serikali ya wanachuo zahesabiwa ukumbini, mbele ya wote wanaotaka kukaa. Karatasi moja moja hufunuliwa, jina husomwa, na mmoja wao huchora mstari ubaoni kwa chaki. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na wako wakufunzi wanaolalamika kwamba chakula chapoa. Matokeo hubaki ubaoni usiku kucha, na asubuhi hakuna anayeweza kusoma jina jingine. Tena kila mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha vijijini hupewa kazi moja zaidi, nayo ni kuhudhuria Mkutano Mkuu wa kijiji. Sheria yataka mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikia miaka 18 ni mjumbe wake. Mwanachuo hukaa, husikiliza, na huandika yale yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa.

Mara ya kwanza ripoti zilizorudi zilikuwa fupi. Wanachuo kumi na mmoja waliandika sentensi moja, kwamba mkutano haukufanyika. Tulikuwa karibu kuwapa sifuri. Kisha tukaona kwamba mmoja wao, binti yule wa kura tatu, alikuwa ameongeza mstari chini yake: alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwuliza kwa nini haukufanyika, naye mwenyekiti, baada ya kuuliza yeye ni mtoto wa nani, akatoa kalamu akaandika tarehe.